Sakafu Iliyonifungia Chumbani

Shoga, nimekwama chumbani! Ile sakafu yangu ya mbao imevimba kwa mvua hizi, imeinuka mpaka imeubana mlango kwa chini. Haufunguki!

Mume wangu kamwita kaka yake, yule shemeji seremala aliyeitandika kiangazi. Yule yule aliyeniapia dukani kwake, "Shemeji, chukua hizi mbao pana, utanishukuru."

Sasa wako nje, wanaukata mlango kwa chini kwa msumeno huku wanapiga soga. Wanadhani sisikii.

Shemeji kasema, "Nilijua tu. Mbao pana na mvua za hapa haziivi chungu kimoja. Kwangu nimeweka nyembamba."

KWAKE KAWEKA NYEMBAMBA!

Nikajua mume wangu atamjia juu. Thubutu! Kacheka. Kacheka, shoga! Eti, "Si uliniambia? Lakini zilikuwa zimekudodea, kaka. Nani mwingine angezichukua?"

Alijua. Mume wangu ALIJUA. Na siku ile alinishika mkono dukani, akaniambia nina jicho zuri la kuchagua.

Mlango umefunguka sasa hivi. "Pole mke wangu, toka."

Nimeusukuma ukajifunga, nikatia komeo.

Nimewaambia nitatoka kiangazi, mbao zikisinyaa.