Majina Nyuma ya Jiwe

Mke wangu Zuwena,

Salamu za nyumbani Mabela zikufikie huko masomoni. Mke mwenzio, bibi yako, mzima, ila hununa kila barua yako ikija kwa jina langu.

Umeniuliza kama wale makarani wa Sumeri ya kale unaowasoma, waliochonga mawe kumsifu mfalme kuwa kajenga hekalu, hawakuona wivu. Wao sijui. Mimi nliona.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulijenga jumba la tajiri mmoja mtaa wa Wattaya. Mimi nnachanganya saruji, fundi mwenzangu Khalfan anachonga maandishi kwenye jiwe la mlangoni: kalijenga tajiri! Tajiri asoshika hata tofali. Lakini wivu wangu wote ulikuwa kwa Khalfan na hati yake nzuri ya mkono. Kila apitaye, "Mashallah, Khalfan!" Mimi niloacha chuo cha Kurani kabla ya kumaliza juzuu, roho inaniungua.

Adhuhuri wenzangu wakenda kusali. Mimi, Mungu anisamehe, nikachukua msumari, nikalipindua lile jiwe niandike jina langu nyuma, kabla halijapachikwa ukutani. Nikakuta Khalfan kashatangulia. Kachonga majina yetu sote, mafundi na vibarua, langu la kwanza, zuri hata sikulijua. Lake hakuliweka.

Nlikasirika, mke wangu! Hata kwa wema kanishinda. Nikakaa chini nikalikwaruza na jina lake kwa msumari chini ya yetu, herufi kama kuku kapekua jaa, nikaligeuza jiwe kabla hajarudi.

Mpaka leo sijamwambia. Na hati yake bado nnaionea wivu.

Mumeo mkongwe,
Babu