Mama Rangi, Baba Ameshika Brashi

Mama, mwaka umetimia tangu utuage, na kwenye sinki la jikoni bado lipo doa lako la bluu. Tumelisugua kwa kila sabuni, likagoma.

Hospitalini walikuita Mama Rangi. Katika kile chumba chako kidogo uliwapokea wenye wasiwasi: mwalimu aliyetetemeka mbele ya darasa lake mwenyewe, dereva ambaye moyo ulimwenda mbio kila akigusa usukani. Uliwapa karatasi na brashi, ukawataka wachore kwa mkono wa kushoto. "Hapa hakuna fundi," ulisema. "Wote tunaharibu." Wenye shoto uliwahamishia kulia, ujanja hukuutaka.

Tena ulikataza neno "nzuri". Ulisema mtu akisifiwa ataanza kuogopa upya, asije akaharibu. Uliuliza tu, "Enhe, hapa pana nini?" Kisha ukanyamaza, mpaka mtu atoe la moyoni na mabega yashuke.

Na nyumbani ndivyo ulivyokuwa! Tukikuuliza kama mboga imekolea, unafunua sufuria: "Enhe, humu mna nini?" Tulikasirika huku tunacheka.

Baba, seremala wako, alikutania miaka yote. "Mke wangu anatibu watu kwa rangi za watoto."

"Ipo siku utaniomba brashi," ulimjibu.

"Labda ya kupaka mlango!"

Ulipoondoka, Baba alibanwa kifua. Mikono ikamtetemeka hadi akaogopa kushika msumeno, karakana ikafungwa. Daktari akasema moyo ni mzima, huo ni wasiwasi. Jina lako hakulitaja kamwe. Tukilitaja sisi, anatoka nje. Tuliogopa sana, Mama. Tuliona naye anatuponyoka.

Yule dada uliyemfundisha kazi, ambaye sasa ndiye mwenye chumba, alikuja kumchukua mwenyewe. Baba akaenda akinung'unika. Siku ya kwanza alichomoa penseli sikioni, akaanza kupima karatasi kwa futi! Dada akampokonya vyote, akamtia brashi mkono wa kushoto.

Alirudi tena na tena. Taratibu mikono ikatulia.

Jumapili iliyopita alileta picha nyumbani: bluu tupu, imepinda upande. Mjukuu wako alitaka kuisifu, mama mdogo akamziba mdomo. Binti yako mkubwa akauliza, "Enhe, Baba, hapa pana nini?" Tukanyamaza, kama ulivyotufunza.

"Sinki," akasema Baba. "Mama yenu anaosha brashi zake, anaimba vibaya."

Akaongea habari zako mpaka chai ikapoa, akilia na kucheka.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, mdogo wako, wakwe, wajukuu na watu wote wa kile chumba. Picha tumeitundika juu ya sinki. Fremu kaitengeneza Baba mwenyewe, karakanani kwake.

Doa hatulisugui tena. Hatutakusahau maisha yetu yote, Mama.