Asali ya Elia na Ukungu wa Kizota

Mama Yohana, mke wangu,

Hujambo huko Chemba? Goti lako limepoa? Na mbuzi je, wameshazaa? Mimi mzima, nimenenepa mpaka wenzangu hapa Kizota wananiuliza kama natafuta mchumba. Nawajibu ninaye tayari, mzuri kuliko wa kwao wote. Simu sipigi. Simu yenyewe ya huko ni ya jirani Elia, nikipiga anapokea yeye, ananiuliza afya mpaka salio linakwisha, na mimi sikuoa jirani.

Sasa hayo maneno uliyomtuma mdogo wako Rehema aniambie: "Sina shida ya kitu, Elia kaniletea asali, usiharakishe kurudi." Usiharakishe? Nimeyatafuna wiki nzima hayamezeki. Asali ya Elia naijua, nusu nta. Mizinga yangu mimi enzi zile, nyuki walipanga foleni kuingia.

Ngoja nikupe habari ya kazi, utaona inakuhusu. Hapa tunafuga ukungu. Usicheke. Ni kama ule unaoota kwenye kiporo, ila huu unalelewa kwenye sinia, na una mtaalamu wake, binti anaitwa Neema. Unatoa dawa, wenyewe wanaita vimeng'enya, ya kung'arisha maji ya zabibu kabla hayajawa divai. Chakula chake makapi ya zabibu. Kazi yangu kuyasuuza mpaka utamu wote utoke, ndipo niupe.

Roho ikaniuma. Kwetu mgeni anapewa kitamu, huyu anakula maganda kama mfungwa? Sinia langu sikusuuza, na sukari nikaongeza. Mama Yohana, ukungu ukaota mweupe, mnene kama kondoo wa Krismasi. Nikawaita wote waje wamuone mfugaji.

Neema akakamua maji ya kila sinia, akatia kwenye juisi. Za wenzangu ziling'aa. Yangu ikabaki tope.

"Babu, umeupa sukari?"

"Kidogo, ya kuonja."

"Umeulaza. Ndani yake kuna maagizo ya kutengeneza vimeng'enya, tunayaita jeni. Ukikuta sukari tele, unayafunga. Ujisumbue ya nini na chakula kiko mdomoni?"

"Kwa hiyo niunyime kabisa?"

"Hapana. Ukungu ukimeng'enya makapi unapata tone la utamu. Hilo tone ndilo linalofungua maagizo, unajua hapa kuna kazi. Kidogo kinauamsha, kingi kinaulaza."

Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nakuona wewe na kibuyu cha Elia hapo mezani. Nikasema, huyu mwanamke alikuwa ananikumbuka vizuri tu, kaja mtu kamlaza kwa asali. Halafu likanijia swali jingine ambalo silipendi mpaka leo: na mimi tangu nije huku nimekupa tone gani? Salamu za mkato kupitia Rehema, basi.

Kwa hiyo nimeomba ruhusa, nakuja kabla ya mvua. Nimesikia Elia kajitolea kuliezeka paa la jikoni. Mwambie asiliguse. Nitapanda mwenyewe, na magoti yangu haya haya, nikianguka nianguke kwangu. Wewe utanishikia ngazi. Kama hutaki kuishika, uniambie mapema nisipande basi, nitaelewa, ila sitanyamaza.

Mpe mama mkwe shikamoo yangu, mwambie mkwewe bado kijana. Shemeji Rehema msalimie, aache kuniletea maneno bila kuyapunguza makali. Mwanetu Yohana na mkewe pia. Elia naye msalimie, ila akiwa amesimama nje.

Ni mimi mumeo, anayekuwazia hata akiwa anasuuza makapi,

Baba Yohana