Jongoo wa Karungu

Jumanne, 16 Julai 1996

Mguu wa kumi na tisa leo. Asubuhi nzima kwa mguu mmoja usiozidi ncha ya punje ya mchele. Sindano ya cherehani nambari kumi na sita, nimeikaza kwenye bomba la kalamu ya bairo. Chokoa, puliza, tazama kwa lenzi. Chokoa tena. Ukikohoa umevunja.

Jongoo mwenyewe ana urefu wa kidole changu cha kati. Amelala ubavu, amegeuka jiwe jeupe ndani ya jiwe la kijivu. Nilimwokota kwetu Karungu, kwenye makorongo yale yale ambako nilipokuwa msichana niliwaoshea mifupa ya kale wachimbaji waliotoka Nairobi. Kichwa na mgongo viko wazi. Sasa natoa miguu ya kulia. Ya kushoto imo ndani mno, hiyo siigusi.

Sare za kwaya ninazoshonea makambi ya kanisa bado kumi na nne. Zitangoja.

Ijumaa, 19 Julai

Rangi ya kucha imeisha. Ile isiyo na rangi, ya kung'arisha tu. Kila mguu nikishautoa naupaka, usije ukavunjika. Kichwa pia nilikipaka. Mgongo haukuhitaji, ni mnene.

Mwenye duka alinitazama vidole. Msabato, mama mzima, chupa ya tatu mwaka huu! Nikamwambia ni ya jongoo. Alicheka mpaka akashika kaunta. Kesho kanisani Homa Bay nzima itajua. Wajue! Sijapaka kucha tangu nizaliwe, na hata ningepaka, kucha ni zangu.

Jumatano, 24 Julai

Barua kutoka makumbusho! Watapita hapa tarehe 29 Agosti, wakiwa njiani kwenda kuchimba kisiwani. Wanasema nilitunze jiwe lilivyo.

Vitu hivi ni vya serikali, najua, na sijakataa. Nataka kitu kimoja tu. Kwenye daftari lao waandike nani alimwokota na nani alimtoa kwenye jiwe. Wale wa zamani niliwaoshea mifupa magunia kwa magunia. Hakuna mfupa hata mmoja wenye jina langu. Niliitwa "yule msichana wa maji".

Baba Achieng nilimsomea barua. Akasema vizuri, akaendelea kuziba tairi. Mume wangu ni fundi baiskeli. Kwake kitu kisichozunguka si kitu.

Jumapili, 28 Julai

Shemeji Mwalimu alikuja kula samaki. Ni kaka mkubwa wa Baba Achieng, anafundisha sayansi huko Awendo. Alipita kwenye karai langu la siki, akauliza ni nini. Nikamweleza: mifupa ya mamba, imeshikwa na jiwe la chokaa. Siki inakula jiwe, inaacha mfupa. Siku moja ya siki ni kazi ya mwezi ya sindano. Nikajigamba kidogo, kwa nini nisijigambe.

Kisha akamtazama jongoo. "Na huyu, shemeji, mbona usimtumbukize tu? Ungekuwa umemaliza zamani."

Nikafungua mdomo nimwambie huyu ni kinyume. Hapa jongoo ndiye chokaa, na jiwe lake ni majivu ya mlima wa moto. Lakini alikuwa amekwishageukia habari za uchaguzi. Shemeji akisema, somo limekwisha. Alipoondoka akaniambia kazi yangu ni nzuri ila haina sayansi.

Haina sayansi! Nimekaa nayo miezi saba. Nimekasirika mpaka nikashona mkono wa sare nje ndani.

Jumapili, 11 Agosti

Miguu ishirini na sita, yote imepakwa. Nimemchora pia kwa penseli, pingili kwa pingili. Natosheka.

Leo naenda makambi, wiki nzima ya hema na uji. Jiwe nimelifunga kwa flana, liko droo ya cherehani. Nimemwambia Baba Achieng asiliguse mtu yeyote. Akasema sawa, bila kuinua kichwa.

Jumapili, 18 Agosti

Droo tupu.

Nilidhani nimekosea droo. Nikavuta zote. Nyuzi, vifungo, chaki. Flana ipo, imekunjwa vizuri. Jiwe halipo.

Mwalimu alikuja Jumanne. Alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake wa masomo ya likizo, halafu eti amtengeneze vizuri kabla ya wageni. Baba Achieng akampa. Kwa mkono wake.

"Ni kaka yangu mkubwa, Mama Achieng. Ningemwambiaje hapana?"

Kwa mdomo! Mdomo si anao? Wiki nzima nimeimba nyimbo za upole na uvumilivu, na zote zimeniishia hapa mlangoni. Chakula nimempikia. Kuongea naye, hapana.

Jumatatu, 19 Agosti

Nilifika Awendo kabla ya kengele ya mapumziko. Trekta za miwa zimejaa barabarani, nikashuka kwenye matatu nikatembea.

Mwalimu alinipokea kwa kicheko, akaniongoza mpaka maabara. "Shemeji, nimekumalizia kazi!" Bakuli la kioo. Ndani yake jiwe langu. Jongoo hayupo. Mahali pake shimo refu, limejikunja vile vile alivyojikunja yeye.

Asidi ya shule. Si siki hata, asidi. Anasema ilitoa povu zuri sana, wanafunzi walipiga makofi. Walipiga makofi jongoo wangu akiyeyuka! Miaka yote aliyolala ardhini hakuna aliyemjua, akaja kumalizwa na mtu mwenye digrii kati ya kengele mbili.

Nikamwambia: umekula mnyama ukaacha jiwe. Alikuwa bado hajaelewa. Akasema jiwe limekuwa safi. Kando ya bakuli kulikuwa na kadi, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni: Imetayarishwa na, halafu jina lake. Lake peke yake.

Niliichana ile kadi. Mbele ya kidato cha tatu. Simwombi radhi.

Jumanne, 20 Agosti

Sijalala vizuri. Jiwe nilirudi nalo, liko ndani ya ndoo ya maji, asidi itoke. Sijalitazama.

Hasira zangu nimezigawa. Nyingi ni za Mwalimu. Nyingine za Baba Achieng. Kidogo ni zangu, na hicho kidogo ndicho kinachochoma zaidi. Mimi ndiye niliyemsifia siki. Nilimwachia nusu ya somo kwa sababu nilichoka kukatizwa. Ningemshika shati nikamwambia.

Baba Achieng alijaribu kunifariji. Akasema kama limeharibika nilitupe tu, nitapata lingine. Yawa! Nilimwambia mtupa jongoo hutupa na mti wake, basi anitupe na mimi. Alitoka akaenda kukaa na baiskeli zake.

Jumatano, 21 Agosti

Nimelitoa jiwe majini. Nimelikausha. Lenzi.

Miguu ipo.

Nikaweka lenzi chini, nikanawa uso, nikatazama tena. Miguu yote ishirini na sita imesimama kwenye ukingo wa shimo kama meno ya kitana. Kichwa nacho kipo. Kila nilipopaka rangi ya kucha, asidi ilishindwa. Pasipopakwa, yaani mgongo wote, hakuna kitu.

Nililia. Sijui kama ni kwa kilichobaki au kwa kilichokwenda. Mgongo ule ulikuwa na mistari midogo kuliko uzi, na mimi ndiye mtu pekee aliyeiona vizuri.

Alhamisi, 29 Agosti

Wageni walikuja wawili, dereva na mama mmoja mwenye kofia, mtaalamu. Mwalimu naye alikuja. Hakualikwa. Tai, viatu vinang'aa.

Kabla sijafungua flana alishaanza. Tulimpata hivi, tukamtayarisha kwa njia ya kisayansi. Tu, tu, tu. Sijui huyo "sisi" alikuwa wapi nilipokuwa nachokoa.

Yule mama alilizungusha jiwe chini ya lenzi yangu. Kisha akauliza nani alimtia kwenye asidi.

"Ni shemeji," akasema Mwalimu. Upesi hivyo. "Shemeji anapenda sana siki."

Wuololo! Nilisimama. Nilikuwa na maneno ya kutosha mpaka Sabato ijayo. Lakini Baba Achieng alinitangulia. Alikuwa mlangoni, mikono ina grisi. Hakupaza sauti.

"Kaka, asidi ni yako. Jiwe nilikupa mimi bila ruhusa ya mwenyewe. Tulikosea sisi wawili, yeye hayumo."

Sijawahi kumsikia akimjibu kaka yake. Miaka ishirini na mbili ya ndoa. Mwalimu alikohoa, akatazama saa, akakumbuka ana kikao. Chai hakunywa.

Yule mama akauliza kwa nini miguu ilipona. Nikamwonyesha chupa. Akacheka, lakini si kama mwenye duka. Akaomba na mchoro wangu, kwa sababu mgongo sasa uko pale tu. Akasema wazi kwamba hasara ni kubwa. Sikutaka anidanganye, na hakunidanganya.

Akafungua daftari. Akauliza jina langu mwenyewe, si la mume. Nikasimama nyuma yake nikasoma: Ameokotwa na kutolewa kwenye jiwe na Atieno, fundi cherehani. Nimesoma mara tatu. Jina la Mwalimu halikuwepo, hilo nalo nililihakikisha.

Wameondoka naye. Droo iko wazi. Nimefurahi na nina hasira, vyote kwa pamoja, na sitachagua.

Jumapili, 1 Septemba

Mvua ya asubuhi. Cherehani nimeitia mafuta.

Nina jiwe lingine la Karungu. Uvimbe mdogo tu upande mmoja, labda konokono, labda si kitu. Nimeanza na sindano mpya.

Baba Achieng alitoka bila kusema anakwenda wapi. Aliporudi aliweka kichupa cha rangi ya kucha kando ya lenzi. Anasema mwenye duka alimtazama vidole kimoja kimoja, na wanaume waliokuwa pale wakamuuliza harusi ni lini. Alisema hayo akinawa mikono. Kisha akarudi kwa baiskeli zake.

Nimekifungua. Ni nyekundu.

Haifai kwa kazi hata kidogo, itaficha kila mstari. Sikumwambia. Nimeifunga kwenye ile flana, nikaiweka droo ya cherehani.