PAPAGASA, wa Kumi kwenye Orodha

Mshauri, naomba msaada, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana sisi wasomaji wako tunakujua. Mimi ni mshonaji hapa Kamembe, nina miaka thelathini na tisa, Mnyarwanda niliyezaliwa Bukavu, na mume wangu Kabera alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko huko, na mwaka 1998 vita vilipoanza upya alishika njia ya Uvira kufuata mitungi ya gesi na hakurudi, nikangoja, nikamwuliza kila aliyepita njia ile, mwisho nikavuka daraja la mpakani kuja huku Kamembe na cherehani yangu, na sasa imepita miaka saba.

Mwaka huu Habumugisha, seremala, mtu mtulivu, ameniomba tufunge ndoa, na padri aliponiuliza habari za Kabera niliapa kwamba amekufa, ingawa mwili wake sijauona wala sijakutana na mtu aliyeuona. Tangazo la ndoa yetu limeshasomwa kanisani mara mbili, kila mara padri akisema anayejua kizuizi aseme, na la tatu litasomwa mwisho wa mwezi.

Sasa jirani yangu Mzee Mudathiru ana chumba cha michezo ya televisheni, akaniagiza pazia zito la kuzuia mwanga, nikaenda kulitundika, na kwenye kioo cha televisheni kulikuwa na mchezo wa majambazi, unashika kidude cha vitufe wanachokiita maneti, jambazi ni wewe mwenyewe, uso wako huuoni, unaona mikono tu na bunduki, unaingia benki na nyumba za watu ukipiga risasi, na mchezo ukiisha inatokea orodha ya watu kumi wenye alama nyingi kwa majina waliyojiandikia, na mashine hata ikizimwa haisahau. Jina la kwanza kabisa lilikuwa PAPAGASA.

Mshauri, mimi na Kabera tulizaa mtoto mmoja, Gasaro, akaishi siku kumi na moja. Majirani waliacha kuniita Maman Gasaro ili wasinikumbushe, lakini ndani ya nyumba yetu yeye alibaki Papa Gasaro na mimi Maman Gasaro mpaka asubuhi aliyoondoka. Mashine ile inapokea herufi nane tu. Nilimwuliza Mudathiru kama mtu asiyejali, akaniambia, "Huyo ni muntu wa ng'ambo, anavukaka siku ya soko. Unamutakia nini, Maman?" Nikasema labda naye anahitaji pazia. Sikuuliza tena.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho ninachokionea haya. Mudathiru akienda msikitini adhuhuri huniachia ufunguo, nami nikaanza kucheza, nia yangu nipate alama nyingi kuliko jina lile mpaka lishuke na kutoka kwenye orodha, na mwanzo nilifumba macho kila nilipofyatua, sasa sifumbi, na mwanzo niliwaacha wale wanaonyoosha mikono juu, lakini alama hazikutosha, kwa sababu ukimpiga aliyesalimu amri unapewa alama maradufu, na nikagundua kwamba alama za PAPAGASA hazifikiki bila kuwapiga hao. Najiandika V tu. Wiki iliyopita Ndizeye wa pikipiki aliingia ghafla akasimama nyuma yangu, akasema, "Maman, utuachie hata polisi moja. Nguo za batu unashonaka saa ngapi?"

Leo orodha ni V tisa, na chini kabisa, wa kumi, PAPAGASA. Mchezo mmoja tu na anatoka. Je, nimfute niolewe kwa amani, au nimtafute? Na Kabera niliyemjua angewapiga walionyoosha mikono?

V., Kamembe

*

V., nimekusoma mpaka mwisho. Wapo watakaotaka niulaani mchezo huo, na meza yangu imejaa barua za wahubiri wanaoamini kwamba mji huu ulikuwa salama mpaka televisheni ilipofika. Siwafuati. Bunduki zilizopita hapa hazikuwa na waya wa umeme. Mchezo wenyewe ni mchafu, na aliyeamua kwamba mtu aliyenyoosha mikono ana alama maradufu ana la kujibu, ila si yeye aliyeniandikia. Ni wewe.

Pole kwa Gasaro. Siku kumi na moja ni maisha, na mumeo alifanya vema kuendelea kuitwa baba yake. Lakini soma vizuri. Papa Gasaro ana herufi kumi. Papa Gasana naye ana kumi, na akina Gasana wa huku na wa ng'ambo huwezi kuwamaliza. Wewe uliona Gasaro kwa sababu ndiye uliyemzaa. Mteja akikuletea kipimo cha mkono mmoja, humshonei koti. Mbona umeshona kifo na ufufuko kwa jina lililokatwa?

Tuseme ni yeye. Basi huvuka daraja siku ya soko, hukaa hatua chache kutoka cherehani yako, hucheza, hurudi. Huenda hajui kwamba upo hapo. Huenda anajua. Ukilifuta jina lake, hakuna hata moja kati ya hayo litakalobadilika, wala padri hatakuwa ameambiwa kweli.

Kuhusu walionyoosha mikono, swali hilo liache. Kama alama ni ushahidi wa moyo wa mtu, wako uko kwenye mistari tisa juu ya wake. Pale hakufa mtu. Aliye hai, aliyesimama mbele yako mikono mitupu, ni Habumugisha, na huyo hujamtazama.

Rudisha ufunguo wa Mudathiru leo. Usicheze tena, na jina lile liache lilipo. Kisha mketishe Habumugisha umwambie yote, kiapo, herufi, na V tisa, akicheka, acheke. Nendeni pamoja kwa padri kabla ya tangazo la tatu aliahirishe, kwa kuwa uliapa jambo usilolijua. Kanisa lina njia yake kwa mke wa mtu aliyepotea vitani, na mahakama ina yake. Ni njia ndefu na zenye kuchosha. Zifuate. Si wewe wa kwanza, na kwa jinsi eneo letu lilivyo, hutakuwa wa mwisho.

Siku ya soko usijifiche nyuma ya pazia ulilolishona mwenyewe. Mwombe Mudathiru amwulize mteja wake swali moja, mbele yako: mwanao anaitwa nani? Unachotafuta ni herufi mbili, RO au NA.

Ikiwa ni RO, una mume, na nyote watatu mna mazungumzo ambayo hakuna mshauri wa gazeti atakayewasaidia kuyamaliza. Ikiwa ni NA, usishangilie. Utakuwa hujui Kabera yuko wapi, kama ulivyokuwa hujui siku uliyoapa.