Zaina 58, labda

Papa Kisimba,

Ni Zaina, fundi wa nguo wa sokoni, yule uliyemugeuza fundi wa mabawa. Nilijiambia sitakuandikia. Muntu akikukosea akiwa hai unamufuata kwake, unapiga mulango, munasemezana mpaka jirani wanatoka kuangalia. Wewe umelala chini ya udongo tangu mvua zilizopita. Nitapiga mulango gani? Basi, karatasi.

Kwanza habari za hapa. Vita bado. Treni haijatoka upande wa Nyemba tangu ulipotuacha, majani yameota kati ya vyuma vya reli mbele ya atelie yako ya ufundi. Askari wanaoshika mji wamebadilisha mukubwa wao mara mbili. Samaki iko, chumvi kwa bahati. Mama Fonsi, muke wako, ni muzima, lakini hanisalimii tena. Hiyo njo sababu naandika.

Siku ya kuondoa matanga ndugu zako waligawa vitu kama kawaida. Fonsi, mutoto wako mukubwa, akapewa kandege, ile ndege ndogo ya muntu moja tuliyoijenga mimi na wewe. Mimi nikapewa sanduku lako la chuma na michoro yote. Shemeji yako akapiga kelele, "Mapatron ya kukatia ni ya fundi wa nguo, apeleke akashone ingine!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikabeba sanduku kichwani mpaka nyumbani, nikilia njiani, nikijisemea: angalia namna aliniheshimu.

Unakumbuka sanduku hilo nililivika kitambaa ndani, kile kilichobaki kwa mabawa. Mushono wangu unaujua: tano kwa santimetre moja, haipungui. Lakini kwenye kona ya kifuniko nikakuta mahali pana mishono miwili kwa santimetre, mikubwa, ya kulala. Mukono wa mwanaume. Nikaufumua.

Ilikuwa barua, ya Kifaransa. Kifaransa changu ni cha magazeti ya nguo, lakini namba nilizisoma bila shida, na maneno nikayaunga moja moja. Ilitoka kwa mwenyewe aliyechora kandege, yule muzungu wa ng'ambo ambaye michoro yake ulipewa na padri wa Mpala mbele ya kurudi kwao. Alikuwa anawaandikia wote waliojenga kama sisi. Anasema musiruke. Anasema ile tuyo moja, lile bomba, inayotoka tumboni mwa kandege na kushika bawa katikati ni nyembamba mno. Lazima ile yenye ukuta wa milimita moja itolewe, iwekwe ya milimita moja na nusu, tena iongezwe tuyo fupi ya kuishika kiuno. Bila hiyo, upepo ukilipiga bawa toka juu, tuyo inapinda, na bawa linajifunga. Anasema kwao limekwisha kujifunga moja, na muntu ndani.

Ulipiga mustari mwekundu chini ya maneno hayo. Mara mbili. Na juu kabisa uliandika tarehe ya kuipokea, tabia yako ya reli. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia kuhesabu. Wiki tatu kabla ya siku niliyoruka mara ya kwanza.

Mara kumi na moja niliruka, Papa. Kati ya vita ya kwanza na hii, asubuhi, kwenye uwanja wa majani kando ya ziwa. Mara nne nilitoka juu ya maji, na moja kati ya hizo upepo wa milima ulitusukuma chini mpaka niliona matumbo ya samaki kwenye nyavu za watu. Nilipotua nilizima injini. Wewe ulikuja mbio, ukashika ile tuyo ya kushoto mbele ya kunishika mimi. Ukaipitisha mukono, juu mpaka chini, polepole. Nilidhani ni mapendo ya fundi kwa kazi yake.

Halafu nikageuza karatasi.

Nyuma ulifanya hesabu. Uzito wa kandege, 116. Chini yake: "Kisimba 84, hapana." Chini tena: "Zaina 58, labda."

Labda.

Sasa nimejua siku ya mizani. Ulinipeleka bandarini kutafuta kamba, ukanikalisha juu ya mizani ya mifuko, katikati ya samaki wadogo wa ndagala, ukaita mupimaji aje aone. "Hamsini na nane! Huyu mama ni mufuko moja wa sukari na kichwa ngumu!" Makuli wakacheka, mimi nilicheka kupita wote. Ulinunua mihogo ya kuchoma, tukala tukirudi. Kwa miaka hii yote hiyo ilikuwa siku yangu nzuri. Nilikuwa nimekwisha kupoteza mume, watu wa soko walikuwa wananiita mwehu anayeshonea ndege nguo, na muzee muzima wa reli ananitania barabarani kama mutoto wake. Kumbe ulikuwa unanipima.

Nilikuuliza mara ngapi kwa nini wewe huruki? "Mimi ni muzito, mama. Kandege ni ka watu wepesi." Na ni wewe uliyenifundisha sheria ya atelie, wewe, si muntu mwingine: anayefunga freni, breki za treni, njo anapanda wagoni ya kwanza. Ulisema miaka yote ya kazi yako hakuna aliyeivunja, kwamba hata shefu wa reli alipokaza freni kwa mukono wake alipanda, na suti yake. Tuyo ile uliifunga wewe. Nilikuwa nakuangalia ukiifunga.

Najua utasema nini. Reli ilikuwa imekatika, tuyo nene iko Lubumbashi, ulipaswa kufanya nini? Kuniambia. Hiyo haikuhitaji treni. Ungeniambia, Zaina, iko hivi na hivi, na mimi, unanijua, labda ningeruka tu. Lakini hiyo labda ingekuwa yangu.

Ningenyamaza, Papa. Kweli. Ningerudisha barua mahali pake nikashona kwa mushono wangu, usingeonekana. Lakini Fonsi alikuja kunionyesha ruhusa yenye kashe, muhuri wa askari. Mukubwa wa askari amesikia habari ya kandege, anataka kitu cha kuangalia ziwa toka juu, amemupa na esanse, mafuta ya kurukia. Kuruka ni siku ya tano kutoka hapo. Fonsi ana kilo sabini na tisa.

Nilienda kwenu na barua. Nilisoma upande wa mbele tu. Fonsi akasema, "Ma Zaina, wewe uliruka mara kumi na moja, mimi nikiruka njo barua inaonekana?" Muke wako akasema mbele ya watu, "Umekula kwa mume wangu, umejifunza kwa mume wangu, sasa unataka kandege kake." Matusi nimezoea. Nikasema neno moja tu: tupime.

Kwa sababu hapo niliona kosa letu, Papa, kosa la watu wa vyuma na wa nguo. Unakumbuka tulivyopima? Tuligeuza bawa tumbo juu, tukapanga mifuko ya mchanga ya kilo ishirini. Kumi na tano, kilo mia tatu, na tuyo haikulia. Tulicheza ngoma. Lakini hivyo tuliivuta tu tuyo. Hakuna siku tuliisukuma. Nguo ninaijaribu pande zote mbili, bawa tukalijaribu upande moja.

Basi tukaliweka atelieni namna linavyoruka, mugongo juu, Fonsi mwenyewe akabeba mifuko, mukubwa wa askari akisimama mulangoni kuangalia. Moja. Mbili. Tatu, akaniangalia na kucheka. Nne. Aliposhusha ya tano tuyo ilisogea katikati, pole, kama muntu anayeinama kuokota kitu, halafu ikakunjika mara moja na bawa likalala sakafuni.

Kilo mia. Kandege na Fonsi ndani ni mia moja tisini na tano, nusu kwa kila bawa ni tisini na saba na nusu. Upepo ukisukuma toka juu kwa nguvu ya uzito wao wenyewe tu, zilibaki kilo mbili na nusu kati ya mutoto wako na ziwa. Ukitia esanse, hakibaki kitu. Kwangu zilibaki kumi na tatu. Hiyo njo ilikuwa labda yako, muzee. Kilo kumi na tatu.

Mukubwa wa askari alicheka, akachukua esanse yake, akaenda. Fonsi alikaa chini kwenye mifuko. Akaniuliza, "Papa alijua?"

Nilikuwa na muda wa kusema hapana. Karatasi ilikuwa bado mukononi mwangu, upande wa mbele. Nilimupa akageuze mwenyewe. Alisoma, akatafuta jina lake, halikuwepo, akanirudishia bila kuniangalia. Toka siku hiyo muke wako hanisalimii, lakini mutoto wake anakula mezani kwake.

Bado jambo moja. Michoro ulimunakilia yule rafiki yako wa sentrali ya umeme kule Bendera, na nasikia mabawa yake yamefika kwenye kitambaa. Hukumuambia na yeye. Barabara ya huko hakuna anayeiamini, kwa hiyo nimenakili onyo mara tatu, kwa Kiswahili, na picha ya tuyo fupi, na namba za mifuko mitano. Moja imeenda na wanamama wa mihogo, moja na mulinzi wa laini ya umeme, ya tatu nimeishona ndani ya kola ya shati la mugeni wao anayerudi Bendera. Moja itafika.

Kukusamehe bado. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe hukuniambia. Kaburi lako ninalifyeka, jina lako silitukani sokoni, zaidi ya hapo usiniulize.

Nimejipima tena bandarini. Hamsini na tatu. Vita imekula tano. Kwa hesabu yako sasa ningekuwa salama zaidi.

Lala, Papa Kisimba. Reli itafunguka siku moja, na tuyo ya milimita moja na nusu itafika. Nitaifunga kwa mukono wangu, nitaishika kiuno kwa tuyo fupi, nitapanga mifuko chini na juu, kumi na tano na kumi na tano. Halafu nitapanda wa kwanza, hata kama siku hiyo nitakuwa na kilo tisini. Mimi njo nitakuwa nimeifunga.

Zaina