Uzito wa Kikongwe

Jumatatu, 3 Machi
Leo tumemshusha Kikongwe, setilaiti yetu ya mvua. Miaka kumi na mmoja angani! Kamera imefifia, basi tumsogeze karibu na mawingu: kutoka kilomita mia tano hadi mia tatu na arobaini. Kule juu hakuna kujidondosha tu. Unapunguza mwendo upande huu, anashuka upande wa pili wa dunia. Hesabu nilipiga mimi, kubonyeza ni shemeji, mume wa mdogo wangu. Antena inamwona dakika nane tu, tukakimbizana. Nikamsomea sekunde za injini kutoka kwenye daftari. "Mia na themanini," akarudia. Injini ikawaka sekunde mia na themanini. Tukapeana mikono. Fomu ya sekunde nilizoagiza nitajaza kesho.

Jumanne, 4 Machi
Kikongwe kachomoza dakika ishirini kabla ya wakati. Shemeji akacheka — mzee karudiwa na ujana! Mimi sikucheka. Angani anayewahi ni anayeshuka. Kadiri anavyoshuka ndivyo anavyokwenda mbio.
Mkuu wa kituo akapima mara mbili. Upande wa chini wa njia yake: kilomita mia mbili na kumi. Hapo hewa bado ipo, nyembamba, lakini inakwaruza. Kila mzunguko itamrudisha chini kidogo. Mafuta ya kumpandisha hakuna. Wiki mbili, akasema, au pungufu. Na mwezi ujao mvua zinaanza, watu wa mabondeni wanategemea tahadhari zetu.
Nikajifungia chooni na daftari la hesabu. Nikaona. Kilo mia tatu na sitini! Huo ni uzito wa siku aliyorushwa, tangi limejaa pomoni. Sasa ana kilo mia mbili. Mkokoteni mtupu nimeusukuma kama uliojaa. Zilitakiwa sekunde mia.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu kadai fomu. Nimeijaza. Nimeandika mia moja.
Ule ukurasa wa daftari nimeuchana.

Alhamisi, 6 Machi
Kikao. Mkuu akamgeukia shemeji. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Fomu inasema mia. Wewe umetuma mia na themanini. Akili ilikuwa wapi?"
Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama miguu ya meza.
Kwenye korido akanishika mkono. "Shemeji, mimi nilisikia mia na themanini. Hata nilirudia, sivyo?"
Nikamwambia kulikuwa na kelele. Feni.
Feni!
"Basi ni masikio yangu," akasema. Akaniomba radhi. Mimi! Kazi hii nilimtafutia mimi, na kusoma namba zile nilimfundisha mimi.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kasimamishwa kazi. Kabeba kikombe chake na sweta. Kiti chake kimebaki kimegeukia dirishani.
Upande wa juu wa njia ya Kikongwe umeshuka kutoka mia tano hadi mia nne na kumi. Hewa inamkwaruza chini, anapungukiwa juu. Hesabu zangu za kuanguka kwake zinakubali mpaka sekunde ya mwisho. Hizi sikukosea.

Jumamosi, 8 Machi
Sikutoka ndani. Mdogo wangu kapiga simu mara nne. Sikupokea.

Jumapili, 9 Machi
Mdogo wangu amekuja mwenyewe. Hakuvua hata mtandio. Mumewe hali chakula, anakaa akijipigia makofi karibu na sikio, kulia, kushoto. Jana alikwenda hospitali kupimwa. Daktari kasema masikio mazima kabisa, kama ya mtoto. Mwanamume mzima akatoka analia. Alitamani yawe mabovu.
"Dada," akasema, "mimi hesabu zenu sizijui. Nakuuliza kitu kimoja tu. Ulimsomea ngapi?"
Nikasema ngoja, nifuate maji ya kunywa.
Niko chumbani, mlango nimeubana, naandika haya. Yuko sebuleni, anangoja. Maji yako jikoni, na yeye anajua.